Mbweha Aliyekuja Karibu Mno

Mpiga picha wa Kamina hujifunza kwanza mahali asipopaswa kuelekeza lenzi. Ipo kambi kubwa ya jeshi, tunayoiita Base, ambayo Wabelgiji waliijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia iwe ngome yao katikati ya Afrika, na ambayo majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliitumia mwanzoni mwa miaka ya 1960, Katanga ilipojitenga. Ipo stesheni ya reli, njia panda ya treni zitokazo Lubumbashi, moja ikishika njia ya Ilebo, nyingine ya Kabalo. Kuna madaraja, minara, na nyumba zenye bendera. Simama mbele ya kimojawapo na kamera yenye lenzi ndefu, haupiti muda atatokea mtu wa kukuuliza hati zako, na hata ukiwa nazo zote ataitafuta ile moja usiyokuwa nayo. Mimi napata riziki yangu kwenye harusi, mahafali na picha za pasipoti. Siku isiyo na harusi naenda porini. Ndege hawaombi kuonyeshwa kibali.

Pori lenyewe limesogea. Ukitoka mjini kwa pikipiki unapita mashamba ya mihogo na mahindi, halafu visiki, halafu vichaka vilivyochipua juu ya visiki, huku ukipishana na baiskeli zinazosukumwa kuelekea mjini, zimebeba magunia ya makaa yaliyopita kimo cha wenye kuzisukuma. Miombo mikubwa inaanza mbali zaidi kila mwaka. Wazee wanapowataja wanyama, wanasimulia mambo yaliyopita: nyati walipita hapa, kongoni walinywa pale, simba alisikika mpaka karibu na reli. Anayetaka mnyama mkubwa afunge safari ya Upemba, upande wa mashariki, kwenye hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1939, ambako bado kuna tembo na pundamilia wa mwisho wa Kongo nzima. Anayebaki Kamina huwapiga picha waliobaki Kamina.

Mbweha ni mmoja wao.

Huyu si yule mwekundu wa Ulaya, mwenye mkia mnene, tunayemwona kwenye vitabu. Wala si yule mdogo mwenye masikio makubwa anayekula mchwa katika mbuga za Serengeti. Yule ana jamaa zake Afrika Mashariki, na wengine huko kusini, na kati ya makundi hayo mawili kuna pengo la karibu kilomita 1,000 asimoishi kabisa. Sisi tuko magharibi ya pengo hilo, ndani ya miombo, na wetu ni mbweha miraba: mwembamba, miguu mirefu kiasi, kilo 7 hadi 12, rangi ya majivu yaliyopoa. Ubavuni ana mstari mweupe uliofifia, chini yake mwingine mweusi, na mara nyingi ncha ya mkia ni nyeupe. Mswidi aitwaye Sundevall alimwandika kwenye vitabu vya sayansi katika miaka ya 1840, na kwa muda mrefu wataalamu walimweka ukoo mmoja na mbwamwitu. Siku hizi vinasaba vimewatenga. Yeye na mwenzake mwenye mgongo mweusi ni tawi la kale lililoachana na wengine zamani sana, hata mbwa anayelala mlangoni kwako ana udugu wa karibu zaidi na mbwamwitu wa Urusi kuliko na mbweha anayepita nyuma ya jiko lako usiku.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, moshi wa mioto ya pori umetanda, jua linakuwa jekundu kabla ya saa yake. Nilikuwa nimejilaza ubavuni mwa kichuguu, kimojawapo cha vile vichuguu vikubwa vya Katanga vinavyoota miti juu yake, nikimngoja chozi mmoja aliyezoea kurudi kwenye ua lile lile. Upepo ulinijia usoni. Chini ya mti wa mupundu uliosimama mbele yangu, matunda yalikuwa yamedondoka, yale ya ngozi ya kikahawia yenye madoa, ambayo watoto huyaokota kwa mabeseni. Nilisikia kutafuna kabla sijaona anayetafuna.

Alikuwa akiokota tunda kwa meno ya mbele, kwa uangalifu, kisha anainua kichwa, anatafuna mara mbili tatu huku anatazama pembeni, anameza, anapiga hatua, anainama tena. Kwenye ukingo wa sikio la kushoto kupe walikuwa wamejipanga, wamevimba, rangi ya risasi. Sharubu moja ilikuwa imekunjika. Manyoya ya kifuani yalikuwa na vumbi la majivu, maana alikuwa amepita mahali palipoungua. Nilipobonyeza, kamera yangu ya zamani ikatoa mlio wake, na sikio moja likanigeukia huku jingine likibaki lilikokuwa. Hakukimbia. Alikula. Nikabonyeza tena, na tena, naye akazidi kusogea akifuata matunda, ambayo kwa bahati yalikuwa yametapakaa mpaka karibu na miguu yangu.

Lenzi ndefu ina mpaka wake. Kitu kikikaribia kupita kiasi, haikishiki tena. Inakwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta, inanguruma kidogo, na kwenye kiwambo unaona ukungu wa kijivu tu. Ndivyo ilivyokuwa. Kile kitambo alipokuwa karibu kuliko wakati wowote, hata nikasikia pumzi yake puani, hakina picha. Niliishusha kamera kifuani. Akaniona uso. Akanusa, shingo ameinyosha, mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani. Kisha akaokota tunda jingine, akazunguka kichuguu kwa mwendo wa mtu anayerudi kwake, akapotea.

Giza lilipoingia nikamsikia, au nilimsikia mwenzake. Hana ule mlio mrefu wa jamaa zake wengine. Wake ni wa kukatikakatika, wa chini, na asiyemjua huapa kwamba ni bundi. Huku kwetu bundi ana kesi nyingi za uchawi. Nashuku baadhi yake zilistahili kufunguliwa kwa jina la mbweha.

Nchi hii ni ya Waluba, na utemi wa Kasongo Nyembo hauko mbali na Kamina. Katika masimulizi ya chimbuko la ufalme wao, Nkongolo Mwamba, mtawala wa kwanza, mtu mkali asiye na simile, alikula na kunywa hadharani. Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyetoka mashariki, ambaye mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyekuja kuuasisi ufalme wa baadaye, alikataa kuonekana akila. Tangu hapo mulopwe, yaani mfalme, hula faraghani. Wasomi wengi wameieleza habari hiyo kama alama ya utakatifu wa mfalme. Inawezekana. Ila mimi nazitazama picha zangu, ambazo karibu zote zinamwonyesha mnyama mdomo ukiwa kazini, na nawaza kwamba mwenye kuleta adabu ile alikuwa mwindaji. Mwindaji anajua kwamba anayekula ameinamisha kichwa. Ndiyo saa anayoingojea. Ndiyo saa tunayoingojea na sisi wenye kamera, tena kwa sababu ile ile, halafu tunaiita saa ya utulivu wa mnyama.

Udugu wa kamera na bunduki katika ukanda wetu ni wa tangu zamani. Mjerumani Carl Georg Schillings, mwanzoni mwa karne ya 20, alizunguka nyika za Wamasai na pande za Kilimanjaro akiwapiga picha wanyama usiku kwa mwanga wa unga wa magnesiamu, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1905 kilitaja katika jina lake mwanga huo pamoja na bunduki, bila kuona aibu. Ili simba aje mbele ya kamera alifunga punda au ng'ombe kamba. Picha hizo ziliwashangaza watu wa Ulaya, maana nyingi zilionyesha mnyama wa usiku akiwa kwake, mzima, katika shughuli zake. Mtu akizitazama leo anaona pia kamba. Ukaribu ule ulinunuliwa, na aliyelipa hakuwa mpiga picha.

Mimi sikufunga kitu. Mupundu ulijidondoshea wenyewe. Hata hivyo sitaki kujidanganya kwamba mbweha yule alinipa heshima fulani, kama wanavyopenda kuandika wenzangu wa mijini chini ya picha zao: aliniamini, alinikubali, tulitazamana roho kwa roho. Alikuwa amekwisha kunipima. Mtu amelala chini, ananuka sabuni na petroli, hana mbwa, hana panga mkononi, na matunda ni matamu. Pia kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulichagua yeye. Nyuma yake palikuwa pameungua. Upande wa kulia palikuwa na tanuri la makaa, upande wa kushoto shamba jipya. Tulikaribiana kwa sababu umbali umekwisha, na sikuwa mimi niliyeupunguza peke yangu, wala si yeye.

Nilipomsimulia mzee mwenye shamba lile jipya, hakupendezwa hata kidogo. Alikaa kwenye kigoda chake akanihoji kama muuguzi wa zamu.

«Mwanangu, ulimwona saa ngapi?»

«Jioni, tata. Jua lilikuwa bado lipo.»

«Alikukaribia mwenyewe?»

«Mwenyewe.»

«Mate? Yalimtoka?»

«Hapana, tata.»

«Na miguu ya nyuma? Ilimfuata vizuri, au aliivuta?»

Aliendelea mpaka akaridhika kwamba mnyama alikula, alimeza, alinusa, aligeuza sikio, na aliondoka kwa njia iliyonyooka. Ndipo akaniruhusu kufurahi. Kwa mzee yule, mnyama wa pori anayemwendea mtu bila woga ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, na siwezi kumlaumu. Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate, na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote walioambukizwa waliumwa na mbwa wa nyumbani. Mbweha naye hukibeba, lakini katika hesabu za vifo yuko nyuma sana ya mbwa wa jirani. Mzee aliyajua mengi ya hayo bila kusoma popote. Alinikumbusha kwamba mwenye kuumwa huosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, robo saa nzima, asikatishe hata akihurumiwa, halafu ndiyo atafute chanjo. Kutafuta chanjo akiwa kijijini ni safari, wakati mwingine ya pikipiki, wakati mwingine ya treni ambayo haijulikani itafika lini.

Kwa hiyo mimi niliona neema pale ambapo yeye aliona dalili ya ugonjwa. Nimejaribu kuamua nani kati yetu aliyemwona mbweha vizuri zaidi, na kila nikipima mizani inamwelemea mzee. Maswali yake yote yalihusu mnyama. Kichwani mwangu, pale kichuguuni, maswali mengi yalihusu mwanga.

Ila mzee hakujua kwa nini mbweha bado yupo wakati nyati na kongoni hawapo, na hilo ndilo lililonikaa. Sijawahi kuona nyama yake ikiuzwa sokoni Kamina. Yeye mwenyewe hachagui chakula: panya, panzi, kumbikumbi wakati wa mvua, ndege wa chini, mzoga, kuku akimpata, na matunda kwa wingi. Palipo na shamba pana panya, na palipo na panya naye yupo. Wanaishi wawili wawili, dume na jike, wakizaa watoto watatu hadi sita, mara nyingi katika shimo walilolikuta, la muhanga au ndani ya kichuguu kilichohamwa. Nilipozunguka kichuguu changu asubuhi iliyofuata nilikuta kinyesi chake juu ya jiwe, mahali pa wazi, kimewekwa kama muhuri. Ndani yake mbegu za mupundu, ngumu, nzima, tayari kuota. Watu wanaokata miti hawajui kwamba yupo anayeipanda usiku bila mshahara.

Na kichuguu chenyewe kina wenyewe wengine. Udongo wake hutoa matofali mazuri ya kuchoma, na mji unajengwa. Vijana huja na majembe, wanakibomoa kidogo kidogo, wanafyatua matofali pale pale, wanayapanga tanuri, wanayachoma kwa kuni za miti iliyokuwa ikikizunguka. Nimepiga picha za harusi ndani ya nyumba ambazo zamani zilikuwa makao ya muhanga na mbweha. Nyumba hizo ni nzuri na baridi, na wanaoishi humo walikuwa wakilala kwenye majani. Sina hotuba ya kuwapa.

Mwaka 2025 ilichapishwa picha ambayo watafiti wanasema ni ya kwanza ya lechwe wa Upemba aliye hai. Lechwe huyo ni swala wa kwenye majimaji, na haishi popote duniani isipokuwa katika bonde la Kamalondo, huko mkoani kwetu Haut-Lomami, kwenye mabwawa ya Lualaba. Sayansi ilimtambua kuwa jamii ya peke yake mwaka 2005 tu, tena kwa kupima mafuvu yaliyokaa makumbusho miongo kadhaa. Walioruka kwa ndege kumtafuta mwaka 2023 walihesabu 10, na wakakadiria kwamba waliobaki hawafiki 100. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Imepigwa kutoka juu, mnyama ni mdogo ndani ya majani, na ukiwaonyesha watu wa studio watakuambia haifai. Kwangu ndiyo picha kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa Haut-Lomami. Inathibitisha kwamba yupo, na inamwacha alipo.

Tangu hapo nimeanza kuzihukumu picha zangu kwa kipimo hicho, na nyingi zinaanguka. Ile iliyopendwa zaidi na watu ni ya uso mzima: jicho la rangi ya asali, kupe, tunda kati ya meno. Niliituma kwenye kundi la simu la ndugu na marafiki, na kabla ya saa moja kwisha alikuwa amekwisha kuniandikia kijana mmoja, kwa heshima zote, yaya, yaani mkubwa wangu, hapa, yaya pale, akitaka kujua ni upande gani hasa, baada ya mto au kabla. Ana mbwa wanne na waya za mitego. Nilimjibu kwamba ni mbali. Hapakuwa mbali, nimekwisha eleza kwamba hakuna tena mbali. Siku hizi, kabla ya kuituma picha yoyote ya mnyama, nafuta maelezo ya mahali ambayo simu na kamera huyaficha ndani ya faili, na nachagua ile isiyo na kichuguu wala mti wa kutambulika. Picha za namna hiyo hazisifiwi sana. Mtu anaona majani na mgongo wa kijivu, anauliza, «Sasa hapa umepiga nini?»

Ile ya uso niliichapa moja tu, ukubwa wa daftari, nikampa rafiki yangu anayefundisha shule ya msingi. Darasa lake lilikuwa kwenye hekaya ya La Fontaine ya kunguru na mbweha, ambayo watoto wa Kongo huikariri kwa Kifaransa kizazi baada ya kizazi: kunguru ana jibini mdomoni, mbweha anamsifu sauti, jibini inadondoka. Mwalimu alitaka wamwone mbweha wa kwao, ambaye hangojei jibini. Akaibandika picha ubaoni, na somo likaharibika pale pale.

«Mwalimu, ile njo imbwa ya ku Base!»

«Haina imbwa! Angalia sikio yake.»

«Imbwa haikulake mapundu.»

«Yetu inakulaka!»

Binti mmoja wa dawati la nyuma akasimama, akanyamaza mpaka wenzake waliponyamaza, akasema kwamba mnyama huyo ndiye aliyemaliza kuku wa bibi yake, na kwamba anaomba picha aende nayo nyumbani bibi amtambue. Mwalimu akaona ombi lina haki. Picha ikaenda, ikakaa huko siku kadhaa, ikarudi na alama ya vidole vya mafuta pembeni. Bibi ameitazama vizuri, akiwa amevaa miwani. Amesema siye. Yule wake ni mnene kuliko huyu.